Lenzi Iliyomwonea Haya Mama Mkwe

Watu wa Nkwenda walikuwa wakimtania Gosbert kwamba amewapiga picha viumbe wote wa pande za Kyerwa, mpaka ng'ombe wa pembe ndefu na mapadri waliokuwa wakipita na pikipiki zao, lakini mwanamke aliyemzalia mke hajampiga hata siku moja. Gosbert alikuwa akicheka tu, anafuta kamera yake kwa kipande cha flaneli, anawajibu kwamba mama mkwe hapigwi kwa kamera, hupigwa kwa masikio.

Na kweli, alimjua kwa masikio. Kwao Gosbert, na kwa akina mke wake vilevile, mkwe na mama mkwe hawasogeleani. Hawali pamoja, hawashikani mkono, macho yao hayakutani. Wakielekea kukutana njiani, Gosbert alijitosa kwenye kahawa na baiskeli yake akasubiri, na Kokubanza, huyo mama mkwe, alijifunika kanga usoni akapita upesi, kisha akakohoa mbele ya safari ili mwenzake ajue njia iko wazi. Hakuna aliyeona hilo kuwa chuki. Ilikuwa heshima, tena yenye mapenzi ndani yake, maana ni Kokubanza huyohuyo aliyekuwa akimwandalia mkwe wake kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na majani ya harufu nzuri halafu ikaanikwa, akaifunga kwenye jani la mgomba na kumpa binti yake aipeleke. Na kama wote wawili walikuwa pale nyumbani na alikuwa na neno la kumwambia Gosbert, alimwambia mbuzi.

"Wewe mbuzi," alisema siku moja kwa sauti ya kusikika mpaka nyuma ya nyumba, "umewahi kumwona mwanamume anayemwacha mkewe ateremke mtoni na mimba kubwa namna ile?"

Gosbert, aliyekuwa amekaa huko nyuma ameipa nyumba mgongo, alimjibu mbuzi yuleyule kwamba kuanzia kesho maji atachota mwenyewe. Na alichota, mpaka mtoto wao Jovitha akazaliwa.

Hakuwa mzaliwa wa Nkwenda. Alizaliwa Ihanda, kwenye kibanja cha migomba na kahawa, akasoma kwa mapadri hadi akajua kusoma na kuhesabu, halafu baba yake akafariki na shule ikaishia hapo. Ujana wake aliupeleka kwenye machimbo ya bati, ambako alipewa kazi ya kushika fimbo za mpima ardhi, Mzungu mmoja mrefu asiyependa maneno. Kazi ile ndiyo iliyolifundisha jicho lake. Aliweza kuutazama mti ulio ng'ambo ya bonde akakuambia hatua zilizopo kati yako na mti, na ukienda kuzihesabu unamkuta hakukosea sana. Mpima ardhi alipokwenda zake kwao alimwachia kamera yake ndogo ya chuma, pamoja na sahani za kusafishia filamu. Gosbert akaacha machimbo, akaoa, akapanga chumba nyuma ya duka la mshonaji karibu na soko, akatundika shuka yenye maua ukutani, na hiyo ikawa kazi yake.

Kamera yenyewe ilikuwa ya aina ile yenye kidirisha cha kupimia umbali. Mpigaji hatazami kupitia kwenye lenzi. Anatazama kwenye kidirisha kidogo kilicho juu yake, na humo ndani yule anayempima humwona mara mbili, mmoja amekoza na mwingine amepauka, kama mtu na kivuli chake wamesimama bega kwa bega. Sasa unazungusha pete ya lenzi taratibu. Wale wawili wanasogeleana, wanasogeleana, mpaka mmoja anaingia ndani ya mwenzake. Hapo umbali umekaa sawa. Gosbert alikuwa akiupenda sana ule muda wa wawili kuwa mmoja. Maharusi aliowapiga hawakujua kwamba mpigapicha ameshawaunganisha kabla hata hawajatabasamu.

Mwaka ninaousimulia, kahawa ikiwa inaanza kuiva, mke wake Felicitas alirudi kutoka kwa mama yake, ng'ambo ya kilima. Aliweka kikapu chini, akamnyonyesha mtoto, akamlaza, ndipo akasema. Jicho la kulia la mama limeingia wingu jeupe, na la kushoto linaanza kulifuata. Bibi mzaa mama naye alianza hivyohivyo, akamaliza maisha yake akishikwa mkono. Kokubanza hakuwa analia wala kulalamika. Alikuwa na haja moja tu, aione sura yake kabla wingu halijafunga.

Gosbert alishangaa, akauliza kama kile kioo alichompelekea siku ya Noeli kimevunjika.

"Kipo," Felicitas alimwambia. "Anasema kioo kinamwonyesha mtu anayejitazama. Yeye anataka kumwona yule tunayemwona sisi, akiwa amekaa zake."

Palikuwa na mpigapicha wa Bukoba aliyekuwa akipita na lori la mzigo mara mojamoja, na Gosbert alitaja jina lake, japo kwa shingo upande. Felicitas akasema hilo nalo ameshalijaribu. Mama amekataa. Ameuliza kwa nini akatazamwe na mgeni wakati mkwe anaye.

Ndipo Gosbert alipoingia kwenye mawazo. Mkwe anatakiwa ampige picha mtu asiyeruhusiwa kumsogelea wala kumkodolea macho. Mahali pa karibu kabisa alipoweza kusimama bila kuvunja adabu ni kwenye mstari wa kahawa unaoizunguka nyumba, na kutoka pale, kwa lenzi aliyokuwa nayo, Kokubanza angetoka mdogo kama punje ya kahawa. Alihitaji lenzi ndefu, inayovuta mbali karibu. Akavuka mto pale Murongo, akadandia lori la upande wa pili, akalala Mbarara, kesho yake akafika Kampala kwenye duka la Mhindi mmoja aliyeuza saa, miwani na kamera.

Mwenye duka alimtandikia kitambaa cheusi juu ya kaunta akampangia lenzi ndefu. Moja ilitengenezwa na watu walewale waliotengeneza kamera yake, na bei yake ilimfanya Gosbert airudishe kitambaani kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha mtoto mchanga wa wenyewe. Nyingine zilitengenezwa na watu wengine kabisa, wa nchi nyingine, ila wamezikata hesi za kukazia zinazoingia kwenye kamera kama yake. Mwenye duka hakumficha. Alimwambia hizi ni watoto wa kambo. Wengine wana heshima kuliko wa kuzaa, wengine wana vituko vyao, na huwezi kujua mpaka umekaa nao.

Gosbert alizichagua kama anavyochagua mkungu. Alizielekeza mlangoni kwenye mwanga akatafuta ukungu na mikwaruzo. Moja ilikuwa na utando ndani kama wa buibui, akaitenga. Ya pili iliingia kwenye hesi kwa kukwama, akaogopa kuilazimisha. Ya tatu iliingia laini, ikatulia. Aliitazama kwa nyuma akaona ile pete ya shaba inayosukuma kijimkono cha ndani ya kamera, maana hiyo pete ndiyo inayokiambia kidirisha lenzi imefika wapi. Bila hiyo kidirisha ni pambo. Akatoka nje barazani, akaupima mnara wa kanisa uliokuwa mbali juu ya kilima. Minara miwili ikaingiana, ikawa mmoja, sawasawa kabisa. Moyo wake ukatulia. Akainunua ile, akarudi nyumbani ameishika mapajani njia nzima, kila lori liliporuka shimo yeye akiruka nalo.

Siku ya picha ilikuwa na mawingu. Kigoda cha Kokubanza kiliwekwa chini ya paa la nyumba, ubavuni, na nyuma yake kwa hatua chache ilianza migomba. Gosbert alisimika miguu mitatu ya kamera kwenye mstari wa kahawa. Kwa kuwa hakutaka kumtazama mama mkwe, alikipima kigoda kikiwa kitupu. Vigoda viwili vikawa kimoja. Mwanga wa pale chini ya paa ulikuwa mchache, kwa hiyo akafungua tundu la lenzi lote. Angeweza kulibana na kuacha mwanga uingie taratibu, lakini hiyo ingemtaka anayepigwa atulie, na Kokubanza hakuwa mtu wa kutulia. Hata alipoletwa na kuketishwa alikuwa akimweleza binti yake jambo la kuku wa jirani. Gosbert aligeuzia uso upande wa bondeni. Felicitas aliposema tayari, akabonyeza, akiwa anatazama kilima cha ng'ambo.

Filamu aliisafisha usiku uleule kwenye chumba chake cha giza. Asubuhi alichapa picha kwa mwanga wa jua uliopita kwenye tundu la ukutani, kama kawaida yake. Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mpigapicha mwingine asingelifanya. Picha ya mtu mwingine yeyote angeiinamia, aikague kope kwa kope. Hii aliionea haya. Uso ulipoanza kujitokeza kwenye maji ya dawa, aliangalia pembeni, akahesabu kwa mazoea, akaitoa na kuitundika kwenye kamba huku ameipa kisogo, akaondoka kwenda machimboni alikokuwa ameitwa kupiga picha za wafanyakazi.

Felicitas aliikuta inaning'inia. Aliona migomba, akaona kigoda, akamwona mama amekaa, ila uso wake ulikuwa kama umepuliziwa moshi. Hakushtuka. Mara nyingi alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha giza akaona jinsi watu wanavyokuja polepole ndani ya sahani, kwanza nguo, halafu nywele, macho yakichelewa. Akadhani uso wa mama bado uko njiani. Picha ilikuwa na unyevu, ikikauka itaiva. Akaifunga ndani ya jani la mgomba kama mtu anavyovundika ndizi, akambeba mtoto mgongoni, akaenda nayo kwa mama yake kwa furaha.

Jani lilipofunguliwa, uso ulikuwa vilevile.

Kokubanza aliishika picha kwa mikono yote miwili. Akaisogeza, akaiweka mbali, akatoka nayo juani. Halafu akasema anaiona migomba vizuri. Anaona shina lile lenye kovu la panga, anaona majani yalivyochanika, anaona hata kamba aliyoiacha imening'inia juzi. "Kila kitu nakiona," alisema. "Ila mimi sijioni."

Felicitas akaanza kumweleza kwamba ni picha imeharibika, mpigaji mwenyewe atakuja kuirekebisha. Mama yake alimsikiliza kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto anayemdanganya ili asiumie. Picha ingekuwa mbaya, alimjibu, na migomba ingekuwa mibaya. Ni macho yake. Yamekwisha kazi, na yameanza kwa kumwondoa mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo alianza kugawa vikapu vyake. Kokubanza alijulikana kwa ususi kuliko kwa kitu kingine chochote; vikapu vyake vyenye mifuniko iliyochongoka na mistari myeusi vilitamaniwa mpaka Murongo. Kimoja akampa jirani yake Xaveria, viwili akawapa watawa, kingine mtu aliyepita kuomba moto. Ukili na nyasi za kusukia akazifunga akaziweka darini. Wala hakuwa anaumwa. Alilima, alipika, alimgombeza mbuzi, lakini kila aliyemtembelea alitoka na kitu, na watu walianza kushusha sauti walipokuwa wakimtaja.

Gosbert aliyasikia yote kutoka kwa Felicitas, aliyeyasimulia akiwa amekaa kwenye kizingiti na machozi yanamdondokea mtoto kichwani. Hakumlaumu kwa kuichukua picha. Alijilaumu yeye, maana laiti angeitazama mara moja tu, isingetoka kwenye kamba. Aliingia ndani akaitafuta ile filamu, akavuta pumzi, akamwomba mama mkwe radhi kimoyomoyo, akaiinamia kwa kioo cha kukuzia.

Uso ulikuwa ukungu mtupu. Migomba ya nyuma ilikuwa imekaa kama imechongwa kwa wembe. Basi kamera haikutikisika, kwa sababu ikitikisika hutikisa vyote. Na yeye alipima kigoda, hakupima migomba. Kidirisha kilimwambia neno moja na lenzi ikafanya lingine.

Kesho yake alikwenda kwenye kahawa zake mwenyewe, alizozipanda kwa kamba kwa ule ujuzi wa machimboni, mti na mti nafasi ile ile. Kila mti akaufunga kipande cha gazeti la misheni, herufi zikimwelekea. Akapima mti wa katikati mpaka magazeti mawili yakawa moja, akapiga. Akapima wa karibu zaidi, akapiga. Akaupima wa mbali kabisa, akapiga. Filamu ilipokauka akakaa nayo mlangoni. Ule mti wa mbali ulisomeka vizuri. Lakini ile ya karibu, kila mti aliokuwa ameupima ulikuwa na ukungu, na uliosomeka ulikuwa ni wa nyuma yake. Mara zote. Ndiyo maana mnara wa Kampala ulimdanganya: kwa vitu vya mbali lenzi na kamera walielewana kabisa, na walianza kutofautiana kadiri mtu alivyosogea karibu.

Alifikiri kuipiga tupa ile pete ya shaba, akachukua tupa, akairudisha. Shaba ikishaliwa haioti tena. Felicitas alikuja na uji akamkuta amekaa katikati ya kahawa zenye magazeti, watoto wa jirani wanachungulia kupitia ua na kucheka. Alimweleza yote. Felicitas alifikiri, akaanza kutabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Baba Jovitha, lenzi yako ni mkwe," alisema. "Wewe unaielekeza kwa mama, yenyewe inaona haya inatazama migomba."

Gosbert alicheka mpaka uji ukamwagika. Halafu akaacha kucheka. Kama ina haya ya namna hiyo, aliwaza, basi isielekezwe kwa mama. Ielekezwe kwa mtu aliyekaa mbele ya mama, halafu yenyewe, kwa kukwepa, itamwangukia mama. Na huyo mtu wa mbele alikuwa anamjua. Alikuwa amesimama pale na kata ya uji mkononi.

Kazi ikawa kumrudisha Kokubanza kwenye kigoda. Felicitas alimsihi, akakataa. Alisema mtu aliyekwisha kuondoka kwenye picha harudishwi kwa nguvu, wamwache amalize kugawa vitu vyake kwa amani. Siku hiyo Gosbert alikuwa amekuja pia, amekaa nyuma ya nyumba kama kawaida, na mbuzi alikuwa amefungwa pembeni akitafuna maganda ya ndizi.

"Mbuzi," Gosbert alisema, na sauti yake haikuwa na utani, "nina neno. Macho ya mwenye nyumba hii hayana kosa. Kosa ni la kioo cha kamera nilichokinunua mimi Kampala, na kosa lingine ni langu, sikuitazama picha kwa ajili ya heshima. Namwomba akae mara moja tena. Asipojiona safari hii, hata kamera nitaigawa."

Mbuzi aliacha kutafuna.

"Mbuzi," Kokubanza alijibu kutoka mbele ya nyumba, "mwulize huyo bwana, akiigawa kamera binti yangu atakula nini?"

"Atakula wewe," Gosbert alimwambia mbuzi.

Kokubanza alicheka, akajikaza asisikike, lakini alisikika. Akasema basi kigoda kiletwe, ila kiletwe upesi kabla hajabadili mawazo, na huyo kuku atolewe hapo.

Safari hii Gosbert alipima nafasi kwa miguu yake kabla mtu hajakaa, akaweka jiwe mbele ya kigoda umbali ule wa mti na mti. Kisha akarudi kwenye mstari wa kahawa, na fremu ya waya aliyoitengeneza juu ya kamera, ya kumwonyesha picha itaishia wapi, akaielekeza kwenye kigoda. Kokubanza akaja akiwa amejifunika, akaketi, na Felicitas akakaa chini penye jiwe, mbele yake, akiukinga uso wa mama kwa kichwa chake. Hapo mama akajifunua.

Gosbert akaweka jicho kwenye kidirisha. Alimwona mke wake mara mbili. Felicitas mmoja alikuwa amekoza, wa pili amepauka, na wote wawili walikuwa wanamtazama yeye kwa wasiwasi mmoja. Hakuwa amempima kwa namna hiyo tangu walipooana. Akazungusha pete polepole kuliko kawaida yake, labda polepole kuliko ilivyohitajika, mpaka wakaingiana, wakawa Felicitas mmoja mwenye unywele uliotoka kwenye kitambaa. Akaondoa jicho. Akageuzia uso bondeni.

"Inama pembeni," alimwambia.

Felicitas akainama, ila kwa kumwogopea mtoto aliyekuwa amelala mgongoni hakuinama upesi. Gosbert akabonyeza.

Kuisafisha ile picha walikuwa wawili. Chumba cha giza kilikuwa kidogo, taa imefungwa kitambaa chekundu, na Gosbert alisimama ameupa mgongo ule uso, mikono yake nyuma ikitikisa sahani kwa mazoea. Felicitas ndiye aliyetazama.

"Amefika?" Gosbert aliuliza.

"Bado. Gauni limekuja."

"Na sasa?"

"Nywele." Akainama karibu zaidi na sahani. "Amekuja," alisema Felicitas. "Baba Jovitha, amekuja mzima. Mtoe asizidi kuiva."

Jioni waliipeleka pamoja, ikiwa imekauka kabisa. Gosbert aliishia kwenye kahawa, akachuchumaa huko, akitafuta maneno ya mama mkwe katikati ya kelele za ndege. Alisikia jani likifunguliwa. Alisikia kigoda kikivutwa kuelekea kwenye mwanga. Akaanza kuifikiria ile ahadi yake ya kuigawa kamera.

"Kifungo," Kokubanza alisema.

Felicitas akauliza kifungo gani.

"Kifungo hiki cha shingoni kiko wazi. Ulikuwa umekaa mbele yangu hapa, hukugeuka kunitazama, wala hukuniambia."

Felicitas alikuwa anacheka na kulia, na mama yake hakumngojea. Alikuwa ameshaanza kusafiri kwenye uso wake. Akaona kovu la nyusi alilolipata alipoanguka utotoni, akalitambua. Akaona mikunjo ya kinywa, akaihesabu kuwa ni ya kumgombeza mbuzi. Akasema hakujua kwamba akinyamaza anafanana na mtu mpole hivi. Watu walikuwa wanamficha jambo hilo. Kisha kidole chake kikafika pembeni ya picha, penye kitu cha kijivu kisicho na umbo, akauliza huu moshi ni wa nini.

"Ni mimi, mama. Ni bega langu."

Kokubanza aliitazama picha, akamtazama binti yake, akaitazama picha tena.

"Basi macho yangu hayana neno," alisema. "Wewe ndiye unayepotea. Kula ushibe."

Kesho yake asubuhi alitoka kwenda kuvikusanya vikapu vyake. Kwa Xaveria alikikuta kina maharage ndani. Akayamwaga kwenye ungo wa mwenyewe, akashukuru, akaondoka nacho. Watawa walimrudishia kimoja na kung'ang'ania kimoja, na yeye akawaachia kwa ajili ya Mungu. Yule aliyeomba moto hakuonekana tena, na Kokubanza alimtaja kila siku ya soko hadi alipochoka. Nyasi zikashushwa darini. Kikapu cha kwanza alichokisuka baada ya hapo kilikuwa kidogo, mfuniko wake umechongoka sana, na alikiweka njiani kwenye mstari wa kahawa mahali Gosbert alipozoea kujificha. Ndani kulikuwa na kahawa ya kutafuna. Kilikuwa na upana sawasawa wa ile lenzi, ingawa Kokubanza hakuwahi kuishika, na Gosbert hakuuliza alikipima vipi. Akaitoa lenzi kwenye kile kitambaa cha flaneli, akaihamishia humo, na haikutoka humo isipokuwa kwa kazi.

Aliendelea kuitumia miaka mingi. Wateja walizoea kuona mpigapicha wao akimpima mtu mwingine mbele yao, kisha anamwondoa. Kila mara huyo mtu alikuwa Felicitas kama yupo karibu, na watu wakasema Gosbert hawezi kufanya kazi bila kumwona mke wake kwanza. Hakukanusha.

Wingu halikufunga mwaka ule wala uliofuata. Lilifunga taratibu, na lilipomaliza Kokubanza alikuwa ameshaijua ile picha kwa moyo. Ilining'inia ukutani kando ya mlango, na mgeni alipoingia na kumsalimu, yeye aliitikia, akamkaribisha akae, halafu akamwomba aitazame ile picha amwambie kama kifungo bado kiko wazi.

"Kiko wazi, mama," mgeni angejibu.

"Haya," angesema, na mkono wake ungekwenda shingoni kuhakikisha cha leo kimefungwa.